Shimo Alilotuachia Baba

Ndugu msomaji, usizibe pua. Najua umezoea kukutana na mapenzi, siasa na mashairi katika kurasa hizi, na mimi mwenyewe nina riwaya ambayo haijaisha, imelala ndani ya daftari tatu chini ya kitanda. Lakini leo naomba tushuke kidogo, tena chini kabisa. Nataka kukusimulia historia ya choo.

Nilipowaambia washikaji wa kijiweni kwetu kwamba naandika makala ya historia, wote walidhani ni ya Mtwa Mkwawa. Si ajabu. Sisi wa Iringa tukitaja historia tu, tunakimbilia Kalenga, ngome iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na lile fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Nikawaambia hapana jamani, safari hii ni choo. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. “Yaani wewe, na kidato chako cha nne chote, umeona uandike mavi!”

Nami nilicheka nao. Lakini moyoni nilijua kitu ambacho wao hawakujua. Mwaka juzi familia yetu ilikaribia kuikosa nyumba kwa sababu ya historia hiyo hiyo.

Kwa asiyepajua Ipogolo, mji wa Iringa umekaa juu ya mlima. Wajerumani walipoanzisha boma lao mwaka 1896 walilipenda lile jabali la juu, wakaona mbali. Sisi tuko chini, inapopita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Zambia, na unapopita mto Ruaha Mdogo. Malori yanatupitia, mabasi yanatupitia, na mvua ikinyesha, cha juu kinashukia kwetu. Nasi tukikiachia, kinaingia mtoni. Mto ule unatiririka kwenda kuungana na Ruaha Mkuu, na maji yanaendelea hadi bwawa la Mtera. Njiani kuna watu wanaoteka, wanaofua, wanaonywesha mifugo.

Baba yangu alijenga nyumba yetu mwaka 2003. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa mtu wa kupenda mambo yawe sawa. Wakati majirani wengi walikuwa na choo cha shimo, yeye alisema watoto wake watatumia choo cha maji. Mabomba ya majitaka ya mji yalikuwa hayajafika mtaani kwetu, na hadi leo hayajafika. Kwa hiyo alichimba karo, au septiki kama mafundi wanavyoiita, na pembeni yake akachimba shimo la kunyonya. Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni lundo la udongo mwekundu ambalo tulikuwa tukiserereka juu yake.

Baba alifariki mwaka 2014. Mwaka uliofuata, kwa ushauri wa baba mdogo, mama akaongeza vyumba vinne vya kupangisha uani. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyonimalizia mimi shule, na ndiyo inayomsomesha mdogo wangu wa kike hadi sasa. Hakuna aliyeuliza karo liko wapi. Choo kilikuwa kinafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakiulizwi.

Basi mwaka juzi, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechanganya, bafuni kukaanza kutoa sauti. Glu, glu, glu. Siku ya tatu maji yakarudi. Siku ya tano mpangaji wa chumba cha kwanza akafunga godoro lake. Akamwambia mama kwa heshima, “Mama, nakupenda, lakini siwezi kuoga nimesimama juu ya matofali.” Wa pili akafuata mwisho wa mwezi.

Tukaita gari la kunyonya majitaka. Dereva akashuka, akavuta bomba lake, akauliza swali moja tu: “Mfuniko uko wapi?” Tukatazamana. Mama akaonyesha huku, baba mdogo akaonyesha kule, mimi nikaonyesha mbinguni. Fundi aliyejenga alikuwa ameshahama Iringa, na mchoro haukuwepo. Tulichimba mashimo matatu uani kama watu wanaotafuta hazina ya Mjerumani, hatukupata kitu. Gari likaondoka, na hela ya safari tukalipa.

Usiku ule baba mdogo akatoa suluhisho lake. Alisema tutafute lilipo bomba, tulitoboe kwa upande wa chini, mvua kubwa ikinyesha usiku tuachie, maji yaende mferejini. Wenyewe wanaita kutapisha. “Kila mtu anafanya,” alisema. “Asubuhi nani atajua?”

Mama hakujibu. Aliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba. Nami nilimwangalia mdogo wangu, maana bomba likikatika siku mbili tatu, yeye ndiye anayekwenda na ndoo kwenye kisima kifupi cha mabondeni, chini kabisa ya mfereji huo huo. Nikaomba wiki moja. Baba mdogo akasema, “Mwandishi, utaandika barua kwa mavi?”

Ndivyo nilivyoingia katika historia hii. Wiki hiyo nilipanda mlima kwenda maktaba ya mkoa, na jioni nikawa nakaa kwa mzee jirani yetu, mtu wa zaidi ya miaka 70, ambaye alikuwa rafiki wa baba. Maktaba ilinipa ya mbali, mzee akanipa ya karibu.

Ya mbali ilinishangaza. Shuleni tulifundishwa kama vile choo ni kitu tulicholetewa pamoja na reli. La hasha! Nenda Gedi, karibu na Malindi, mji wa mawe wa Waswahili ulioachwa karibu karne ya 17. Mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na ndani ya nyumba zile alikuta vyoo vyenye mashimo yake na mahali pa kunawia. Watu wale walikuwa na choo cha ndani miaka mingi kabla ya gavana yeyote.

Lakini kuwa na shimo ni jambo moja, kujua shimo limekaribiana na nini ni jambo jingine. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London kwa siku chache. Daktari John Snow alifuatilia waliokufa akaona wengi walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Walipochimba baadaye walikuta shimo la maji machafu la nyumba namba 40 liko chini ya mita moja kutoka kisimani, na kuta zake zimeoza. Mama mmoja alikuwa akifua nepi za mtoto mgonjwa na kumwaga maji humo. Mama yule hakuwa mwovu. Hakujua tu kilichokuwa chini ya sakafu yake.

Kwetu nako kipindupindu kilifika. Mwaka 1869 na 1870 kiliupiga mji wa Zanzibar, na daktari James Christie aliyekuwepo akaandika kitabu juu yake mwaka 1876. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi ya nje ya mji.

Kisha wakoloni. Baadhi ya miji ya Afrika Mashariki ilitumia choo cha ndoo. Unajisaidia, na usiku mtu anapita nyuma ya nyumba kuichukua. Lugha yetu ina jina lake: topasi, neno lililokuja kwetu kutoka upande wa India. Nyinyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, fikirieni hilo. Kwa choo chenyewe tuna maneno mengi ya adabu: msalani, haja, kujisaidia. Kwa mtu aliyebeba ndoo tukabakiza neno moja ambalo watu hulitumia kutukania. Na Dar es Salaam wanaoingia shimoni kutoa tope kwa mikono wanaitwa vyura. Wamebeba mji mzima mabegani, nasi tumewapa jina la mnyama wa dimbwini. Sijawahi kusoma riwaya ya Kiswahili ambayo shujaa wake ni topasi. Huenda nitaiandika.

Sasa nije kwa mzee. Jioni ya pili nilipomweleza shida yetu hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kijitabu kilichopauka, kimeliwa na mende pembeni. Juu kimeandikwa Mtu ni Afya.

Mwaka 1973, mzee akiwa kijana kama mimi, serikali iliendesha kampeni kubwa kwa redio. Kwa wiki 12 hivi, watu wa vijijini walikusanyika katika vikundi, wanasikiliza kipindi, kiongozi anasoma kijitabu, kisha wanajadiliana na kuamua watafanya nini. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na watu walioshiriki nchi nzima walikadiriwa kufikia milioni 2. Walizungumza malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu, maji. Na vyoo vilichimbwa kwa wingi sana.

“Nilikuwa kiongozi wa kikundi,” mzee alisema. “Redio tunaiweka juu ya kigoda katikati kama chifu. Ikimaliza kusema, tunabishana. Kesho yake majembe.” Alinyoosha mikono yake nione. “Nilichimba la kwetu, la baba mkwe, la shule. Mwanangu, tulichimba nchi hii!”

Nikamuuliza, na shimo likijaa?

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. “Likijaa unalifukia, unapanda mgomba juu, unachimba jingine kule. Shamba lilikuwa kubwa.” Halafu akanyamaza. Akatazama ua wake, na ua wetu, na nyumba zilivyobanana mpaka barabarani. “Hapa unahamia wapi?”

Ndugu msomaji, swali hilo la mzee ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kizazi chake kilifundishwa kuchimba, na kilichimba kwa moyo. Kipindupindu kilipoingia kwa nguvu nchini mwaka 1977, nani anajua kingeua wangapi zaidi kama mashimo yale yasingekuwepo. Lakini maarifa yale yalikuwa ya shamba. Shambani unaweza kulisahau shimo, ardhi itamaliza kazi yenyewe. Sisi tuliteremka mjini na maarifa yale yale, tukajibana kwenye viwanja vya hatua 20 kwa 20, tukajenga makaro ya zege, tukayasahau kama wazee walivyosahau mashimo yao. Mjini ukisahau shimo, linakukumbusha lenyewe.

Mwaka 2015 kipindupindu kiliporudi, kikianzia Dar es Salaam mwezi Agosti, na mwaka 2017 serikali ilipozindua kampeni ya Nyumba ni Choo, wimbo ulikuwa ule ule wa kuwa na choo. Ni wimbo mzuri. Lakini kwa sisi tulionacho, ubeti wa pili unasemaje?

Nikaanza kuutafuta ubeti huo. Karo, kumbe, si shimo la kuhifadhia uchafu. Ni kama tumbo. Mfaransa Jean-Louis Mouras alijenga lake kwenye miaka ya 1860 katika mji wa Vesoul, na baada ya miaka kadhaa lilipofunguliwa, kilichoonekana zaidi kilikuwa maji. Akalisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1881. Mwaka 1895 Mwingereza Donald Cameron akajenga la mji wa Exeter, naye ndiye aliyelipa jina tunalolifupisha kuwa septiki, neno linalotokana na Kigiriki cha kuoza.

Ndani yake kuna tabaka tatu. Kizito kinazama chini, kinakuwa tope. Mafuta na sabuni vinaelea juu, vinakuwa utando. Katikati panabaki maji yaliyotulia. Vijidudu wasiohitaji hewa wanakula lile tope polepole, na yale maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la kunyonya, ardhi inayameza na kuyachuja. Mlangoni na kwenye kutokea kuna bomba lenye umbo la herufi T, mafundi wanaita tii, ili utando usitoroke na maji.

Hapo nikaelewa kosa letu la kwanza. Karo zima huwa limejaa maji siku zote, hadi usawa wa bomba la kutokea. Ndivyo linavyotakiwa liwe. Kinachotakiwa kunyonywa ni tope na utando, vikifikia theluthi moja ya kina hivi, na kwa nyumba nyingi hiyo ni kila miaka mitatu hadi mitano. Sisi tulikaa miaka 20. Tope likapanda, likatoka na maji, likaziba udongo wa shimo la kunyonya kama mafuta yanavyoziba chujio la chai. Baba alituachia karo lililotosha familia ya watu watano, tukalishindilia watu kumi na mmoja.

Siku ya sita mzee alikuja nyumbani asubuhi, na fimbo yake. “Kamwene,” akamsalimu mama. Akasimama chini ya mparachichi, akageuka kuelekea mlimani, akaanza kuhesabu hatua. Alimsaidia baba kuchimba, kumbe! Alihesabu saba, akapinda kulia, akahesabu nne, akaingia mlangoni mwa chumba changu. Akagonga sakafu kwa fimbo karibu na kitanda.

“Baba yako yuko hapa,” alisema.

Nilikuwa nalala juu yake. Riwaya yangu yote imeandikwa juu ya mfuniko ule.

Tukatoa kitanda, tukatoa daftari, tukavunja sakafu. Mfuniko ulipoinuliwa harufu iliyotoka siwezi kuiandika. Baba mdogo, ambaye wiki nzima alinicheka, akavua shati akasema anaingia kuzibua tii kwa mkono. Mzee akamkamata mshipi. “Hakuna anayeingia! Umechoka kuishi?” Naomba usikie hili hata kama umesahau mengine yote. Hewa ya mle ndani inaua, na inaua haraka, na mara nyingi wanaokufa ni wawili au watatu, kwa sababu wa pili anamfuata wa kwanza kumwokoa. Tuliacha mfuniko wazi, milango na madirisha wazi, hakuna sigara wala jiko karibu, gari likarudi likanyonya. Tii tukaizibua kwa mti mrefu tukiwa juu.

Tulichokitoa kwenye tii kilikuwa historia ya familia. Pedi, matambara, mifuko ya plastiki, mafuta ya kukaangia yaliyoganda kama mshumaa, na kijiko cha mama kilichopotea. Fundi akabadilisha tii, akachimba shimo jipya la kunyonya upande wa mbali na bonde, akihakikisha ni zaidi ya mita 30 kutoka kisima chochote. Juu ya karo akaacha mfuniko unaofunguka. Tulikopa, na deni tumelimaliza mwaka huu. Wapangaji wamerudi, isipokuwa chumba kimoja, changu, ambacho sasa hakilali mtu. Nalala sebuleni.

Sheria za nyumba yetu siku hizi ziko ukutani, kwa mwandiko wangu. Chooni kinaingia kilichotoka mwilini na maji, basi. Mafuta ya kupikia yanapoa, yanatupwa na taka. Dawa kali za kuulia vijidudu hatumwagi ovyo, maana zinaua wafanyakazi wetu wa chini. Maji ya mvua yana mfereji wake. Bomba linalovuja linazibwa siku hiyo hiyo. Gari halipaki juu ya karo. Na kila mwaka wa tatu mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, tunafungua na kupima tope kwa mti.

Na baba mdogo? Siku gari lilipomaliza, alikwenda bondeni akasimama muda mrefu pale kisimani. Hakusema kitu. Alirudi na ndoo mbili za maji, akamwagilia mparachichi.

Nimechora ramani. Kutoka shina la mparachichi, hatua saba kuelekea mlimani, hatua nne kulia. Nimeichora ndani ya jalada la daftari la kwanza la riwaya, nimempa nakala mdogo wangu, na nyingine nimeibandika nyuma ya mlango wa jikoni ambako hata mpangaji ataiona. Mzee akifa, na mimi nikihama, shimo lisipotee tena.

Wenzangu wa kijiweni bado wananiita mwandishi wa choo. Sawa tu. Lakini wiki iliyopita mmoja wao, yule aliyemwaga chai, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: “Hivi, mtu akitaka kujua karo la kwao liko wapi, anaanzia wapi?”

Nikamwambia, anza kwa kumuuliza mama, kisha jirani mzee kuliko wote. Nenda leo, wakati bado wapo.